Jinsi ya Kuchonga Yangeyange kwa Jiwe la Kisii

Wachongaji wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, wamekuwa wakiwatia katika mawe viumbe wa mazingira yao kwa vizazi kadhaa, na mmoja wao, Elkana Ong'esa, aliifikisha kazi hiyo hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris, iliko sanamu yake ya Ndege wa Amani. Anayeanza ufundi huu hushawishika kuchonga tembo au kifaru kwa kuwa ndio wanaopendwa na watalii. Ushauri wangu ni kwamba uanze na kiumbe unayemwona kila siku, na katika vilima vya Gusii sioni anayefaa kuliko yangeyange, yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe malishoni akidonoa wadudu wanaokurupushwa na kwato.

Kabla ya kushika patasi, keti kando ya malisho asubuhi mbili tatu umtazame. Anapowinda, shingo hunyooka. Anapopumzika, huikunja mpaka kichwa kikakalia mabega, mgongo ukapinda na ncha ya mdomo ikainamia kifua. Mkao huu wa pili ndio wa kuchonga, kwa sababu jiwe la Kisii ni laini na halistahimili kiungo chembamba. Miguu usiitenganishe. Acha chini ya tumbo kitako kinene, ukichoree mistari ya nyasi, na mtazamaji ataelewa kwamba miguu imezama humo.

Mawe huchimbwa kwa mikono huko Tabaka, nayo yana rangi nyingi: meupe, ya maziwa, ya waridi, ya kijivu. Kwa yangeyange chagua jeupe lenye ukubwa wa ngumi mbili zilizopandana. Ligonge kwa kipini cha kisu: jiwe zima hutoa mlio mkali, lenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha limwagie maji, kwani hapo ndipo mishipa ya rangi na nyufa ndogo hujitokeza. Mshipa wa waridi si dosari. Ligeuzegeuze jiwe mpaka upate namna ya kuufanya ufuate mkunjo wa bawa.

Chora umbo la ubavuni kwa mkaa, kisha punguza pembe kwa panga au tezo, kidogo kidogo, na umalizie kwa kisu na tupa. Jiwe bichi lenye unyevu huchongeka kwa urahisi kuliko lililokauka, kwa hiyo likiachwa usiku lifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Fanya kazi nje, uvae barakoa, na ulinyunyizie maji kila mara, maana vumbi la mawe huharibu mapafu polepole bila mtu kujua, na wapo wanaolipuuza kwa sababu ni laini kama unga.

Mdomo uwe wa mwisho kuchongwa. Ndege wangu wa kwanza alivunjika mdomo siku ya kumsugua, kwa kuwa nilikuwa nimeuchonga mapema na kuuacha ukining'inia hewani. Tangu hapo huuacha ukiwa mnene, ncha yake ikiwa imeshikana na kifua, na kuupunguza pande zote mbili wakati mwili umekwisha kukamilika.

Kusugua, kazi ambayo Tabaka hufanywa zaidi na wanawake, ndiko kunakotofautisha sanamu na jiwe lililokatwa, wala hakustahili kuharakishwa. Tia ndege ndani ya beseni la maji, uanze na msasa mkwaruzo, kisha wa kati, kisha laini kabisa. Jiwe likiwa limelowa huficha mikwaruzo, hivyo kabla ya kubadilisha msasa likaushe, ulielekeze kwenye mwanga wa jioni unaokuja kwa upande, ulipitishie kidole gumba shingoni na chini ya bawa. Ukiona mstari mmoja mweupe, rudi kwenye msasa uliotangulia, kwa kuwa msasa laini hautauondoa.

Baada ya hapo mwoshe, umkaushe kivulini kwa siku nzima, kisha umweke juani apate joto na umpake nta kwa kitambaa. Joto huifanya nta iingie ndani ya jiwe, na mshipa ule wa waridi utazidi kukolea kadiri unavyosugua. Jicho litobolewe mwisho kabisa, kwa ncha ya msumari, tundu dogo kila upande.