Usukani unaocheza kwenye Land Cruiser HZJ75 ya kambi: anza na vichwa vya tairodi, boksi la stelingi liwe la mwisho

Gari lililojengewa vitanda, tangi la maji na hema juu ya paa halipumziki: mzigo uko pale pale hata likiwa limeegeshwa. Likipita kila mara kwenye changarawe yenye mawimbi, viungo vya stelingi (vichwa vya tairodi, yaani vya fimbo zinazogeuza magurudumu) hulika, na dereva hulazimika kurekebisha usukani kushoto kulia ili tu gari liende sawa. Kosa linalofanywa zaidi hapo ni kukaza skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye fimbo. Uchezaji hupungua kwa muda, lakini meno ya ndani hubanana pale katikati, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na boksi ambalo bado lilikuwa zima huharibika.

Pima kwanza. Magurudumu yakiwa yamenyooka na injini inaunguruma, zungusha usukani taratibu mpaka tairi lianze kusogea. Kikomo ni milimita 40, ukipima ukingoni mwa usukani. Kisha funga hendibreki, weka vizuizi kwenye magurudumu, mwenzako atikise usukani nawe ukiwa chini. Gari lisimame kwa magurudumu yake, si kwa jeki. Gusa kila kichwa cha tairodi: fimbo ikisogea kabla ya mkono iliofungwa nao, kichwa kimeisha. Viko vinne, viwili kwenye tairodi inayounganisha magurudumu na viwili kwenye fimbo itokayo kwenye boksi. Ukiwa huko chini, kagua boliti za boksi na nyufa za chesi mahali linapofungwa.

Sasa inua gurudumu, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Uchezaji ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia kushoto na kulia), na hizo zikilegea gari huweza kutetemeka vibaya mbele likishika kasi. Dampa mpya ya stelingi (kizuia mtikisiko wa usukani) huuficha tu mtetemo huo.

Nunua vichwa vyote vinne pamoja kwa kutaja namba ya chesi, maana nyuzi za upande mmoja hufungwa kinyume. Pima urefu wa kila fimbo, katikati ya kichwa hadi katikati ya kingine, uandike. Toa pini inayofunga nati isilegee, legeza nati ila iache imeshika nyuzi kadhaa. Tumia pula (kifaa cha kung'oa kichwa). Kama huna, egemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Usipige ncha yenye nyuzi; itafura na nati haitatoka. Legeza klampu (kibano kinachoshika kichwa kwenye fimbo), fungua kichwa, na ukifunga kipya paka grisi nyuzi za ndani ya bomba la fimbo ili alaimenti (kupanga magurudumu) ijayo isisumbue.

Shina la kichwa limechongoka na hushika kwa msuguano. Lifute pamoja na tundu lake mpaka vikauke; grisi isiguse hapo. Kaza nati kwa Nm 91. Tundu la pini lisipolingana, kaza kidogo zaidi, usirudishe nyuma kamwe. Pini iwe mpya. Vichwa viwili vya fimbo moja vilale sawasawa kabla ya kukaza klampu, la sivyo kimoja kitagota kwenye kona.

Beringi za kingpini ni kazi kubwa zaidi: habu hutoka, na beringi za juu na chini hubadilishwa pamoja na vikombe vyake na sili. Weka shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) kila moja upande wake. Kabla ya kurudisha sili na tairodi, vuta mkono wa nakoli (kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu) kwa mzani wa ndoana. Uanze kusogea kwenye kilo 3 hadi 6.

Alaimenti: chora mstari katikati ya kila tairi, sukuma gari mbele mita chache, usilirudishe nyuma. Pima kati ya mistari mbele na nyuma, kimo cha habu. Kwa matairi ya rejio, mbele kuwe kufupi kwa milimita 1 au 2. Usukani ukiwa umekaa upande, unyooshe kwa fimbo ya boksi, si kwa tairodi.

Uchezaji ukibaki ndipo uguse skrubu ya boksi, magurudumu yakiwa yamenyooka kabisa, kwa robo mzunguko au chini ya hapo, ukijaribu usukani kila mara. Baada ya kilomita 500 kagua tena nati zote na klampu.