Kuondoa moshi wa sigara ndani ya baa bila kugombana na wateja

Anza na visahani vya majivu. Kabla hujabandika bango wala kumwambia mteja neno, vikusanye vyote usiku baada ya kufunga, uvitoe kabisa ndani ya jengo. Mimi ni mtu wa kaunta, na kila anayeniuliza habari hizi huanza kwa kunionyesha bango alilochapisha. Bango libandike, mlangoni na chooni. Lakini mvutaji akikuta kisahani mezani atajua amekaribishwa, hata bango liwe kubwa namna gani.

Usiku huohuo shusha mapazia na uvue vitambaa vya viti, vyote vikafuliwe. Kuta zisugue kwa maji ya moto na sabuni. Utaona maji yanavyogeuka rangi ya chai. Nikotini hunata kwenye vitambaa na rangi ya ukuta, na harufu yake hubaki muda mrefu baada ya sigara ya mwisho. Ukifungua kesho baa bado inanuka, mteja atawasha bila hata kufikiri.

Sasa jambo ambalo wenye baa hunibishia sana: chumba cha wavutaji. Wanataka kona yenye kioo, feni na kiyoyozi. Usipoteze pesa zako. Feni na kiyoyozi vinauzungusha tu moshi, haviuondoi, na mlango wa kile chumba hufunguliwa usiku kucha. Halafu glasi za mle ndani atakwenda kuzikusanya nani? Mhudumu wako, ambaye havuti. Mteja anakaa saa mbili anaondoka, mhudumu anaupumua moshi ule zamu nzima. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati yake husababisha saratani. Ndiyo maana Ayalandi, ilipokuwa nchi ya kwanza kuondoa sigara kwenye baa zake zote tarehe 29 Machi 2004, ililifanya kuwa suala la usalama kazini. Wateja waliendelea kunywa, sigara wakavutia nje.

Isome sheria ya nchi yako mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Nchi nyingi zimeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, ila kila moja imeandika sheria yake. Kuna zinazoruhusu chumba cha pembeni, kuna zinazokataa kabisa. Angalia hasa nani anapigwa faini, kwa sababu mara nyingi si mvutaji peke yake. Msimamizi wa baa naye anahusika.

Nje tafuta mahali mbali na mlango na madirisha, penye mwanga na paa la kuzuia mvua. Mvutaji akinyeshewa atarudi ndani na sigara yake. Weka ndoo ya chuma yenye mchanga. Ya plastiki itaungua. Kabla ya kuchagua, simama hapo jioni uone upepo unaelekea wapi, usije ukauhamisha moshi kutoka mezani kwenda dirishani kwa jirani.

Kazi yenyewe hasa ni kuwafundisha wahudumu namna ya kusema. Mhudumu asiseme "hairuhusiwi" akasimama hapo kama askari. Aseme: "Kaka, samahani, sigara tunavutia pale nje. Kinywaji chako nakutunzia hapa." Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayomnyanyua mtu kwenye kiti, maana kinachomfunga ni bia yake na kiti chake. Kwa hiyo tengeneza vikadi vya "narudi", funika glasi, na uiweke mahali mhudumu anapoiona muda wote. Mtu yeyote, na wanawake hasa, ana haki ya kuogopa kinywaji kilichoachwa bila mlinzi. Kuhusu bili, wapo watakaotoka kuvuta wasirudi: lipisha unapohudumia, au mlinzi wa mlangoni ajue meza ipi bado inadaiwa.

Akikataa mara ya pili, mhudumu asibishane. Amwite msimamizi, na meza hiyo isihudumiwe tena mpaka sigara izimwe. Usimnyang'anye mtu sigara mkononi, hata awe mlevi vipi.

Atakayekusumbua kuliko wote ni mwenye baa na marafiki zake. Mzee akikaa kona yake ya siku zote akawasha, baa nzima inamtazama, na dakika kumi baadaye wamewasha watano. Zungumza naye mapema, faraghani, kabla ya siku ya kwanza. Kama hayuko tayari kutoka nje kama wengine, ahirisha zoezi zima.

Chooni kukaguliwe kila baada ya muda mfupi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa ndiko watakakojificha, na kipisi kikitupwa kwenye pipa la karatasi ni moto. Shisha na sigara za kielektroniki zitaje kwa majina kwenye bango, la sivyo utaambiwa "hii si sigara." Shisha haina utetezi wowote: mkaa wake unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, humohumo ndani.