Namna ya Kukokotoa Kipato Halisi cha Mfanyakazi wa Kuondoa Vitu Hatarishi Nchini Marekani

Anayeuliza kazi ya kuondoa asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika majengo ya zamani), rangi zenye madini ya risasi au taka za kemikali inalipa kiasi gani nchini Marekani hupewa tarakimu moja tu. Katika miaka ya karibuni, takwimu za Wizara ya Kazi ya nchi hiyo zimeonyesha mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake, ukiwa baina ya dola 40,000 na 50,000 kwa mwaka. Tarakimu hiyo si ya uongo, lakini kwa kawaida hupatikana kwa kuzidisha malipo ya saa moja mara saa 2,080, kana kwamba mtu amefanya kazi saa 40 kila wiki kwa wiki 52 bila kukatizwa. Kazi hii haiendi hivyo, na ndiyo sababu nashauri kila anayepewa ofa aketi na karatasi na kalamu kabla ya kutia saini.

Anza na wiki. Kazi ya kuondoa vitu hatarishi huja kwa mradi: jengo la zamani linasafishwa kabla ya kubomolewa, shule inaondolewa mabomba yaliyofungwa kwa asbesto wanafunzi wakiwa likizo, kisha timu inasubiri mkataba mwingine. Muulize mwajiri wafanyakazi wake walifanya kazi wiki ngapi mwaka uliopita, na ukiweza waulize wafanyakazi wenyewe. Anayelipwa dola 24 kwa saa angepata dola 49,920 kama mwaka wote ungekuwa na kazi. Akifanya kazi wiki 38 za saa 40, atapata dola 36,480. Tofauti hiyo ya zaidi ya dola 13,000 haionekani popote kwenye tangazo la ajira. Kinyume chake pia hutokea, kwa kuwa kemikali ikimwagika barabarani au moto ukiunguza ghala, watu huitwa usiku na saa za ziada hurundikana.

Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyongeza ya hatari, pale inapotolewa, lazima iingizwe katika kiwango cha saa kabla ya kuzidisha. Mwenye dola 24 na nyongeza ya dola 2 kwa saa zake zote anastahili dola 39 kwa saa ya ziada, wala si 36. Hata hivyo, sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kutoa nyongeza ya hatari. Asiyeiomba wakati wa mapatano asitarajie kuiona baadaye.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni muda wa kuvaa na kuoga. Katika kazi kubwa za asbesto, mfanyakazi huingia kupitia vyumba vitatu vilivyounganishwa. Katika chumba safi huacha nguo zake, huvaa vazi la kinga la kutupwa, huziba viungo vya glavu na buti kwa utepe wa kunata, na kukagua barakoa yake ya kuchuja hewa. Wakati wa kutoka hulivua vazi hilo katika chumba cha vifaa, hupita bafuni akiwa bado amevaa barakoa ili maji yaoshe nyuzi zilizoshika usoni na kwenye nywele, ndipo huivua na kuingia upande safi. Hana hiari ya kuruka hatua hata moja, kwa sababu nyuzi zitakazobaki mwilini zitafika nyumbani kwake. Mwaka 1956, katika kesi ya Steiner dhidi ya Mitchell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha betri, waliokuwa wakishughulika na risasi na asidi, walistahili kulipwa kwa muda wa kubadili nguo na kuoga, kwa kuwa shughuli hizo zilikuwa sehemu ya lazima ya kazi yenyewe. Pale ambapo kuna mkataba wa chama cha wafanyakazi, mkataba huo waweza kuuondoa muda huo katika saa zinazolipwa, hivyo usome kifungu hicho mwenyewe.

Tuseme muda huo ni dakika 40 kwa siku, nawe tayari umetimiza saa 40 za wiki. Kwa siku tano ni saa tatu na dakika 20, ambazo kwa kiwango cha dola 36 ni dola 120 kila wiki. Andika katika daftari saa uliyofika na saa uliyotoka bafuni, halafu linganisha na hati ya malipo.

Kisha angalia mradi ni wa nani. Sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931 inahusu mikataba ya ujenzi ya serikali kuu inayozidi dola 2,000, na inamlazimisha mkandarasi kulipa kiwango cha mshahara kinachotawala katika eneo hilo pamoja na marupurupu. Jedwali la viwango hivyo lazima libandikwe mahali pa kazi panapoonekana. Tafuta mstari wa kazi unayoifanya hasa, kwa maana tofauti kati ya kibarua wa kawaida na fundi wa asbesto huweza kuwa kubwa.

Uliza pia nani anagharimia mafunzo. Wanaosafisha maeneo ya taka hatarishi kwa kawaida huhitaji mafunzo ya HAZWOPER, yaani ya usalama katika shughuli za taka hatarishi na dharura, ya saa 40, siku tatu za kazi chini ya msimamizi, na saa nane za kujinoa kila mwaka. Cheti cha fundi wa asbesto huchukua siku nne. Vipimo vya afya vya kuruhusiwa kuvaa barakoa ni gharama ya mwajiri, na vivyo hivyo barakoa yenyewe. Mwajiri anayekata fedha hizo kwenye mshahara anakuonyesha mapema namna atakavyokutendea.

Ukiambiwa utalipwa kama mkandarasi huru, piga hesabu upya. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Anayejitegemea hubeba asilimia 15.3 peke yake, wala halipwi saa za ziada. Mtu anayepangiwa saa, vifaa na msimamizi kwa kawaida si mkandarasi huru, hata karatasi ikisema hivyo.

Kwa wanaoondoa risasi kuna kinga moja ya kipato ambayo inanisikitisha kuona haitajwi. Kipimo cha damu kikifikia kiwango kilichowekwa na OSHA, taasisi ya usalama kazini, mfanyakazi huondolewa kwenye kazi yenye risasi, na mwajiri hulazimika kumhifadhia mapato na haki zake kwa muda unaoweza kufika miezi 18. Kwa hiyo usikwepe kupimwa kwa kuogopa kupoteza mshahara.

Tunza nakala za vipimo vya hewa, matokeo ya damu na hati zote za malipo. Magonjwa ya asbesto huweza kujitokeza miaka 20 au 40 baada ya kuvuta nyuzi, wakati ambapo kampuni iliyokuajiri huenda imefungwa, na dai la fidia litahitaji kuonyesha ulifanya kazi wapi, lini, na kwa nani.