Namna ya Kuandaa Mkataba wa Maji baina ya Chuo Kikuu na Kampuni Binafsi

Kabla chuo kikuu cha Unguja au Pemba hakijakaa na kampuni binafsi ya maji, kijue kwanza kinatumia kiasi gani: mita isomwe kila asubuhi kwa mwezi mzima, wanafunzi wakiwapo dahalia, kwani hesabu ya wakati wa likizo hudanganya. Uniti moja ni lita 1,000. Kisha iulizwe ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, kuhusu leseni ya kampuni hiyo.

Penye kutaka mjadala mrefu ni ubora. Visima vya karibu na pwani huingia chumvi vikivutwa kupita kiasi, na mfuaji huwa wa mwanzo kujua, pale sabuni inapokataa kutoa povu. Mkataba usisubiri povu. Uandikwe kwamba sampuli itachukuliwa bombani, si kisimani tu, kwamba kloraidi, yaani kipimo cha chumvi hiyo, haitazidi miligramu 250 kwa lita, na kwamba bakteria wa E. coli, walio dalili ya kinyesi majini, hawataonekana kabisa katika mililita 100.

Mita ya kuuzia iwekwe mpakani mwa chuo, pahala ambapo pande zote mbili zitaisoma pamoja, ili maji yanayovuja nje ya uzio yasigeuke deni la chuo. Fidia ya siku ambazo mabomba yatakauka nayo iandikwe.