SOMO: Kuosha nywele kwa kondishena bila shampuu, na silikoni uifanyeje

Nilipoacha shampuu mara ya kwanza nilijiona nimefika. Kila Jumamosi kondishena tu, na chanuo linapita kwenye kipilipili changu kama nimepaka mlenda. Baada ya miezi miwili hivi mambo yakageuka. Bafuni nywele laini, zikikauka nzito na zimefubaa, twist zinafumuka zenyewe, na maji nikiyamwagia yanabiringika juu kama kwenye jani la magimbi. Msusi wangu akashika fungu moja, akalisugua kwa vidole, akauliza, "Dada, umepaka mshumaa?" Nikarudi nyumbani nikageuza chupa. Jina la tatu kwenye orodha ya viungo: dimethicone, aina mojawapo ya silikoni.

Kabla watu hawajaanza kuitukana silikoni: si sumu kwa nywele, wala haizizibi "pumzi", maana unywele ukishatoka kwenye ngozi haupumui. Ni utando mwembamba unaopunguza msuguano, ndiyo maana kuchana kunakuwa rahisi na nywele zinang'aa. Kasoro yake ni kwamba silikoni nyingi hazitoki kwa maji. Kinachoziondoa ni shampuu, na wewe shampuu umeiacha.

Hatua ya 1: Anza na kichwa kisafi. Osha mara ya mwisho kwa shampuu ya kawaida, povu mara mbili. Kama ulikuwa mtu wa siramu za kung'arisha, usiruke hapa, utakuwa unaosha juu ya uchafu wa mwaka jana.

Hatua ya 2: Soma chupa. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Geuza nyuma, tafuta majina yanayoishia na -cone, -conol au -xane.

Dimethicone, dimethiconol na phenyl trimethicone haziyeyuki majini. Ukiosha kwa kondishena pekee, ziache dukani. Amodimethicone ina chaji chanya, kwa hiyo inakimbilia pale unywele ulipoharibika kwa blichi, dawa au pasi, inanata hapo. Ni nzuri kwa nywele zilizochoka, ila nayo haitoki kwa kusuuza.

Cyclopentasiloxane huruka hewani yenyewe nywele zikikauka. Isikudanganye: mara nyingi imeletwa kubeba dimethicone, soma jina linalofuata. (Kwenye vipodozi vya kusuuza, Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha chini ya asilimia 0.1 tangu 2020, lakini ni kwa sababu ya mazingira ya majini, si kwa ajili ya nywele.)

Ukiona PEG- au PPG- mbele ya jina, mfano PEG-12 dimethicone, hiyo kwa kawaida inatoka kwa maji. Hiyo tumia bila wasiwasi.

Angalia pia nafasi ya jina. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, mpaka vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo vinaweza kuwekwa vyovyote. Dimethicone ikiwa ya tatu ni nyingi. Ikiwa nyuma kabisa, baada ya manukato, ni kidogo, ingawa kidogo kidogo nayo hurundikana.

Hatua ya 3: Loanisha kwa maji ya vuguvugu mpaka ndani, si juu juu.

Hatua ya 4: Sugua. Gawa kichwa mafungu manne. Paka kondishena kwenye ngozi ya kichwa, na usiwe mchoyo. Ndani yake mna vitu kama cetrimonium chloride vinavyobeba sehemu ya mafuta na vumbi, lakini kazi kubwa ni ya vidole vyako. Tumia ncha za vidole, si kucha, dakika tano nzima. Wengi wanaolalamika kwamba "kondishena haioshi" wamesugua nusu dakika.

Hatua ya 5: Chana kondishena ikiwa bado kichwani, kuanzia nchani kupanda juu.

Hatua ya 6: Suuza kuliko unavyodhani inatosha. Kwa ndoo na kopo, inamisha kichwa, mwaga kopo moja kwa kila fungu huku ukipitisha vidole, kisha rudia. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, weka akiba ya maji ya mvua kwa suuzo la mwisho.

Hatua ya 7: Kama huwezi kuachana na silikoni, basi kila wiki ya nne tumia shampuu laini yenye cocamidopropyl betaine. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa. Wenye msimamo mkali mtaniambia nimekufuru, sawa tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nasri: Mimi natumia bekingi soda na kumalizia na limao. Si vinaondoa silikoni?
Jibu: Haviondoi, mama. Bekingi soda inakausha unywele na kuukwaruza, utando unabaki. Siki au limao lililochanganywa na maji mengi husaidia mabaki ya sabuni na ya maji ya kisima, lakini si silikoni.

Binti Pwani: Mba umenizidi tangu niache shampuu. Nivumilie?
Jibu: Usivumilie, mdogo wangu. Mba unahusiana na fangasi wanaokula mafuta ya ngozi ya kichwa. Rudi kwenye shampuu ya dawa yenye ketoconazole, na ukiona vidonda au nywele zinakatika, muone daktari wa ngozi.

Rasta Mpole: Dredi je?
Jibu: Kaka, hapana. Kondishena ikiingia katikati ya dredi haitoki, na baadaye utaisikia harufu yake. Shampuu nyepesi, suuza sana, kausha mpaka ndani.

Zuu: Silikoni situmii kabisa, ila napaka mafuta mgando. Mbona maji hayaingii?
Jibu: Mafuta mgando nayo hayatoki kwa kondishena. Badili upake ya nazi, kidogo.

Mama Tuli: Chupa yangu imeandikwa: aqua, cetearyl alcohol, dimethicone, behentrimonium chloride… Hiyo alcohol haitanikausha?
Jibu: Hiyo si spiriti, dada, ni mafuta mazito ya kulainisha, wala isikutishe. Jina linalofuata ndilo la kutazama. Hiyo orodha ni kama ile ya chupa yangu ya mshumaa. Mpe mtu wa nyumbani anayeosha kwa shampuu, ataifurahia.