Kabla ya Kwenda Kuvua Taa Mkubwa wa Uskoti: Mambo ya Kuzingatia

Aliyekulia Lamu, Pemba au Mtwara anamjua taa tangu utotoni: amemwona sokoni akiwa amekaushwa, amemla katika mchuzi wa nazi, na ameonywa na wakubwa wake kwamba mwiba ulio mkiani una sumu na hauchezewi. Taa ninayemwandikia hapa ni wa ukoo mwingine, ingawa umbo lake ni lile lile la mabawa mapana na mkia mwembamba. Huyu huishi katika vina vya bahari ya magharibi mwa Uskoti, hana mwiba wa sumu bali safu za miba migumu mkiani, hutaga mayai badala ya kuzaa, na jike lake huweza kupita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 100. Mwaka 1986, karibu na Tobermory katika kisiwa cha Mull, alivuliwa mmoja wa ratili 227, yaani takriban kilo 103, na rekodi hiyo hutajwa hadi leo. Wavuvi wa fimbo husafiri mwendo mrefu hadi mji wa Oban kwa ajili yake, na baadhi yetu tunaoishi Uingereza, tuliozoea mshipi wa mkono nyumbani, tumeanza kuwafuata. Maelezo haya ni kwa anayepanga safari hiyo kwa mara ya kwanza.

Kabla hata ya kulipia nafasi kwenye boti, msafiri aelewe kwamba samaki huyu hafiki jikoni. Zamani alienea katika bahari nyingi za Ulaya ya kaskazini, lakini nyavu za kukokota zilimmaliza sehemu baada ya sehemu, kwa kuwa hata mtoto wake anapoanguliwa tayari ni mpana kiasi cha kunaswa wavuni. Uzazi wake ni wa polepole mno: kinda hukaa ndani ya yai chini ya bahari kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na akishatoka hupita miaka zaidi ya kumi kabla ya kuweza kuzaa. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba aliyedhaniwa kuwa aina moja ni aina mbili tofauti, na huyu aliye mkubwa zaidi yuko katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tangu 2009 wavuvi wa Umoja wa Ulaya wamekatazwa kumweka chomboni na kumshusha pwani, marufuku ambayo Uingereza ingali inayo, na mwaka 2014 eneo la bahari kuanzia Loch Sunart hadi Sound of Jura lilitangazwa kuwa hifadhi, sababu kuu ikiwa ni yeye. Mvuvi wa fimbo anaruhusiwa kumvuta hadi ubavuni mwa boti kwa sharti la kumwachilia akiwa hai.

Watafiti waliowafunga taa hawa vifaa vya kufuatilia mienendo wamegundua kwamba wengi wao hawahami mbali, bali hukaa katika eneo lile lile kwa muda mrefu, hata mwaka hadi mwaka. Maana yake ni kwamba samaki utakayemvuta kesho huenda ameshavutwa na wengine kabla yako, na atavutwa na wengine baada yako. Ukimjeruhi kwa uzembe, umemjeruhi jirani wa mahali pale, ambaye mahali pake huenda pasijazwe na mwingine kwa miaka mingi. Ndiyo maana naamini kwamba maandalizi yote ya safari hii, kuanzia ndoana hadi nguo, yapimwe kwa swali moja: je, yatanisaidia kumrudisha akiwa mzima?

Swali hilo aulizwe kwanza nahodha, kwa simu, kabla ya kumtumia pesa. Boti ndogo za kukodi huko huwa na kibali cha kubeba abiria wasiozidi 12, na kwa uvuvi huu walio wachache ni bora. Muulize anamwondolea samaki ndoana wapi: majini kando ya boti, au juu ya sitaha? Muulize kama hutumia kulabu ya kumchoma bawa ili amdhibiti, na kama anazo koleo ndefu, kipimo cha urefu na jedwali la kukadiria uzito. Nahodha anayejibu maswali haya kwa utulivu na kwa undani ndiye wa kwenda naye, hata kama bei yake imezidi kidogo. Anayekuahidi picha umembeba taa mikononi, mwache.

Kuhusu tarehe, wengi hutazama kalenda ya likizo, ilhali inayopaswa kutazamwa ni kalenda ya mwezi. Mvuvi wa pwani yetu hahitaji kufundishwa tofauti ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na ujuzi huo ni ule ule Uskoti. Boti hutia nanga katika kina cha mita 100 hadi 150, wakati mwingine zaidi, na chambo hakina budi kulala sakafuni bila kusukumwa. Siku za bamvua, mkondo katika Firth of Lorn na Sound of Jura una nguvu ya kuinua hata risasi nzito ya kuzamishia mshipi, na si mbali na hapo, kati ya visiwa vya Jura na Scarba, uko mlango wa Corryvreckan, ambapo maji huenda kasi inayopita noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa) na kufanya kizingia kinachosikika kutoka mbali. Chagua basi siku za maji mafu, kisha panga siku moja ya akiba, kwa sababu upepo wa Atlantiki hauna miadi na mtu. Nahodha akisema hatutoki, usimshawishi. Zingatia pia urefu wa mchana: mwezi wa Juni kuna mwanga kwa zaidi ya saa 17, ilhali Desemba mchana ni wa saa 7 hivi.

Vifaa vya kuvulia mara nyingi hupatikana kwenye boti, na anayekwenda mara ya kwanza hana haja ya kununua. Hata hivyo ni vyema avielewe, kwa kuwa kila kimoja kina sababu yake. Fimbo huwa fupi na ngumu, na gurudumu lake hubeba mshipi wa kusuka usiopungua mita 300, wenye uwezo wa kuhimili ratili 50 hadi 80. Mshipi wa kusuka haunyumbuki, hivyo mvuvi huhisi kila kinachotokea chini ingawa ni mbali. Mwisho wake hufungwa kipande cha mshipi mnene sana wa nailoni, wa ratili 200 au zaidi, kwa kuwa taya za taa hazikati kama za papa bali husaga, na mshipi mwembamba ungesagika ukakatika, samaki akaondoka na ndoana mdomoni. Risasi, ambayo sisi huita chubwi, huwa ya nusu kilo hadi kilo nzima kulingana na mkondo, nayo hufungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili ikikwama mwambani ikatike peke yake. Chambo ni kibua mzima, ngisi, au vyote viwili pamoja.

Ndoana iwe moja tu, kubwa, na kijino chake kiwe kimebanwa kwa koleo hadi kilale. Fanya kazi hiyo nyumbani, usiku wa kuamkia safari, na uhakikishe kwa kuichoma na kuichomoa kwenye kitambaa: ikitoka bila kuvuta nyuzi, iko tayari. Ndoana ya duara ni bora zaidi, kwa kuwa hushika pembe ya mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, na haitaki mvuvi ashtuke na kuitupa fimbo juu. Taa hali kwa pupa. Hujilaza juu ya chambo, na unachokiona ni ncha ya fimbo ikiinama kidogo na kurudi, kisha mshipi unaanza kutoka taratibu. Hapo mvuvi hukunja mshipi polepole mpaka uzito ujae mkononi.

Uzito huo ndio utakaoujaribu mwili. Taa akihisi kuvutwa hujigandamiza sakafuni kwa mabawa yake, na kwa dakika kadhaa, wakati mwingine nyingi, mvuvi hudhani amenasa mwamba. Akishabanduka, safari ya kumleta juu huweza kuchukua nusu saa au saa nzima, na akiiona nuru anaweza kugeuka akarudi chini kabisa. Mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kuwekea kitako cha fimbo ni wa lazima, na mwenye mgongo mbovu amweleze nahodha mapema ili apokezane na mwenzake bila aibu. Mikanda ya mabegani inayofungwa kwenye gurudumu husaidia, ila ajifunze kuifungua kwa mkono mmoja kabla boti haijatoka bandarini, kwa sababu aliyefungwa kwenye fimbo anaweza kuvutwa hadi ukingoni. Samaki mmoja akishanaswa, wengine wote wakunje mishipi yao.

Nguo hazihitaji maneno mengi: maji ya huko hayapiti sana nyuzi 14 hata mwishoni mwa kiangazi, hivyo valia sufu ndani, vazi lisilopitisha maji nje, na jaketi okozi juu ya yote muda wote. Nguo za pamba ziache nyumbani, maana zikilowa hazikaushwi na mwili. Dawa ya kichefuchefu cha bahari imezwe kabla ya kutoka, kwa kuwa boti iliyotia nanga huyumba kuliko iendayo. Treni kutoka Glasgow hadi Oban huchukua takriban saa 3, na boti hutoka mapema, basi ulale Oban.

Sehemu ambayo watu hawajiandai nayo ipasavyo ni zile dakika chache samaki anapofika juu. Mara yangu ya kwanza, koleo zangu zilikuwa chini ya mkoba, chini ya chupa ya chai na soksi za akiba, na taa jike mwenye upana wa kama meza ya watu sita alibaki ubavuni mwa boti akinisubiri nizitafute. Nilipoinama hatimaye, nilimwona kwa karibu: nyuma ya kila jicho tundu la kupumulia likifunguka na kufumba, mgongo wa rangi ya udongo uliotapakaa madoa meupe, na jicho lenyewe la kijani kilichofifia. Tangu siku hiyo koleo hukaa mfukoni mwangu kuanzia nanga inapotiwa.

Gawaneni kazi mapema. Mmoja ashike mshipi mnene akiwa amevaa glavu, bila kuuzungusha mkononi hata mara moja. Mwingine atoe ndoana. Wa tatu apime na kupiga picha. Mdomo wa taa uko upande wa chini, hivyo nahodha humwinua kidogo pua yake ili ndoana ionekane, na hakuna kidole kinachokaribia taya zinazovunja kaa. Kama ndoana imeingia ndani mno, mshipi ukatwe karibu nayo iwezekanavyo na samaki aachwe aende. Asiinuliwe kwa mkia wala kwa matamvua, kwa kuwa nje ya maji uzito wake mwenyewe huumiza viungo vya ndani. Ikitokea sababu ya kumpandisha, alale kifudifudi juu ya turubai lililoloweshwa, akibebwa na watu kadhaa kwa pamoja, na asikae zaidi ya dakika chache. Asitundikwe kwenye mizani. Urefu na upana wa mabawa hutosha kukadiria uzito kwa jedwali. Jambo la kutia moyo ni kwamba taa hana kibofu cha hewa kama samaki wengine, hivyo kupanda kutoka mita 150 hakumpasui, na akiachiwa hurudi chini kwa nguvu zake.

Picha iliyo na manufaa zaidi ni ya mgongo mzima kutoka juu, kamera ikiwa imesimama sawa na kivuli chako kisimwangukie. Madoa ya mgongoni hayafanani kati ya taa wawili, kama zisivyofanana alama za vidole, na hazina ya picha iitwayo Skatespotter hutumia madoa hayo kutambua kila mmoja. Andika papo hapo tarehe, mahali, vipimo, na kama ni dume au jike. Dume hutambulika kwa viungo viwili virefu kando ya shina la mkia. Daftari na penseli ni bora kuliko simu kwa mikono iliyolowa.

Kwa usalama wenu, muulizeni nahodha kabla ya kung'oa nanga redio iko wapi, kwani mwito wa dharura hupitia chaneli 16, na ikiwa simu inashika mtandao namba ni 999 kisha uombe walinzi wa pwani. Wakati wa kutia na kung'oa nanga kaeni mbali na omo, maana kamba ya mamia ya mita inayokimbia huweza kumchukua mtu mguu.

Ukirudi, tuma picha na maelezo yako kwenye hazina hiyo. Ikiwa taa wako alishaonekana kabla, utapata kujua ni lini na karibu na wapi, na amekua kwa kiasi gani tangu hapo.