Kabla Hujavuka Kibarani: Kagua Spea ya Gari Lako Dogo

Jioni moja mama mmoja alinipigia simu akiwa Mazeras, njia ya Mombasa kwenda Nairobi. Vitz yake ilikuwa imeisha upepo gurudumu la nyuma, watoto wamo ndani, na malori yalikuwa yakipita karibu hadi gari likitikisika. Nikamwambia, "Mama, toa mizigo kwenye buti, inua zulia na lile bao lake. Spea iko chini." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, hapa pana chupa na kimashine. Tairi hakuna." Gari lile alikuwa nalo mwaka wa pili.

Mimi hufanya kazi ya matairi upande wa Kisauni, na simu ya namna hiyo nimeipokea mara nyingi mno. Magari madogo tunayoyapenda hapa Mombasa, Toyota Vitz, Passo na Aqua, Mazda Demio, Nissan Note, Honda Fit, mengi huja yametumika kutoka Japani, na kule watengenezaji walianza zamani kuondoa tairi la akiba, yaani spea, ili gari liwe jepesi na buti iwe kubwa. Japani dereva akipata pancha hupiga simu akaja kusaidiwa upesi. Wewe uko baina ya Miritini na Mariakani, usiku, njia imejaa waya za matairi ya malori yaliyopasuka. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujavuka Kibarani kutoka kisiwa cha Mombasa, ufanye kazi hii nyumbani, mchana, gari likiwa limesimama mahali pa sawasawa. Saa moja inatosha.

Hatua ya 1: Fungua buti ujue una nini

Toa kila kitu, inua bao la chini. Utakuta moja kati ya haya: tairi kamili sawa na yale manne, tairi jembamba la muda, chupa ya gundi ya kuziba pancha na pampu ya umeme, au shimo tupu ambalo mwenye gari wa kwanza alichukua kilichokuwamo.

Ukikuta shimo lina maji, usiyafute ukasahau. Mpira wa mlango wa buti au wa taa ya nyuma unavuja. Hewa yetu ya chumvi ikikutana na maji yale hula bati, hula jeki, na hula rimu ya spea upande wa chini ambao huuoni. Nimetoa spea ambayo kwa juu ilikuwa mpya kabisa, kumbe kwa chini rimu imeliwa hadi upepo unapita ukingoni.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Tairi la muda utalijua kwa herufi T mwanzo wa saizi, kwa mfano T115/70D14. Hili si tairi la kuzunguka nalo mjini wiki nzima. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, nalo hutaka upepo mwingi, PSI 60 kwa kipimo cha geji, ambayo ni kama kPa 420. Watu wengi hulijaza 30 kama mengine, kisha hushangaa limelala mara tu gari likishuka kwenye jeki.

Halafu tafuta neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Michelin, kwa mfano, wanashauri tairi likifika miaka 10 libadilishwe, la akiba nalo likiwamo, hata kama halijaguswa na lami. Mpira huzeeka ukiwa umelala. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, hilo usilibebe.

Hatua ya 3: Jaza upepo, na ujaze kwa geji

Tairi kamili la akiba mimi hulijaza PSI 4 au 5 juu ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu hupoteza upepo pole pole na hakuna anayelitazama. Siku ya kulitumia unapunguza tu. Kupunguza ni rahisi. Kuongeza ukiwa porini ndiko kugumu. Kila ukipima yale manne, pima na la tano.

Hatua ya 4: Fungua gurudumu moja sasa hivi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowakwamisha. Chukua spana na jeki iliyomo garini, si ya kuazima kwa fundi, ufungue gurudumu moja mpaka litoke.

Utagundua mambo. Pengine jeki imeshika kutu na haizunguki. Pengine nati zilikazwa kwa mashine ya upepo na spana fupi ya gari haizilegezi hata ukisimama juu yake. Pengine kuna nati moja ya kuzuia wezi na ufunguo wake ulibaki kwa muuzaji. Au nati zote zimetoka lakini gurudumu limeganda kwenye habu, kile kitovu linapofungwa, kwa kutu, jambo la kawaida sana kwa magari yanayolala Nyali, Bamburi na Likoni karibu na bahari. Ligonge kwa kisigino cha mguu, kulia na kushoto, gari likiwa bado kwenye jeki na wewe ukiwa nje kabisa ya uvungu.

Likitoka, sugua habu kwa brashi ya waya, upake grisi nyepesi pale katikati tu, rimu inapoingilia. Usipake grisi kwenye bolti za nati. Najua wengi hufanya hivyo. Nati iliyopakwa grisi hukazika kupita kiasi bila wewe kuhisi. Toyota ndogo hutaka nyutoni-mita 103 kwenye nati zake, nguvu ya mtu mzima anayevuta spana kwa mkono. Kurukia kwa miguu huvuta bolti.

Hatua ya 5: Kama huna spea, tafuta inayoingia kweli

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Vitz, Demio, Note na Fit zina nati nne, na umbali wa matundu yao kwa kawaida ni 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100. Muuzaji wa rimu zilizotumika atakwambia basi zinaingiliana zote. Haziingiliani zote.

Tundu la katikati ni tofauti. La Toyota na Mazda ndogo ni milimita 54.1, la Honda Fit 56.1, la Note 60.1. Rimu ya Vitz ukiipeleka kwenye Fit haiingii, itagota kwenye habu. Rimu ya Fit kwenye Vitz itaingia lakini itachezacheza mpaka nati ziivute katikati, kwa hiyo lazima uzikaze kwa kupishana, mkono kwanza.

Nati nazo. Toyota, Mazda na Honda hutumia uzi wa 12 kwa 1.5, yaani bolti ya unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, Nissan na Suzuki 12 kwa 1.25. Ukilazimisha nati ya Vitz kwenye Note unaua bolti. Tena nati za Honda zina kichwa cha mviringo kama mpira, za Toyota zimechongoka, kwa hiyo za moja hazikai sawa kwenye rimu ya nyingine. Kama gari lako lina rimu za aluminiamu zenye nati zake maalumu na spea ni ya chuma, jaribu kwanza kama nati zile zinakaa vizuri kwenye chuma. Zisipokaa, nunua nne zinazofaa uzifunge kwenye mfuko pamoja na jeki.

Saizi ya tairi si lazima ifanane herufi kwa herufi, bali kimo chake. 165/70R14 ina kimo cha milimita 587 hivi, 175/65R14 ina 583. Hizo zinasaidiana bila tatizo kwa safari ya kufika nyumbani. Lakini 185/65R15 ina 621 au 622. Hiyo na 165/70R14 usizichanganye gurudumu la mbele, kushoto moja na kulia nyingine.

Shimo la buti likiwa liliumbwa kwa tairi jembamba, tairi kamili litainua bao kidogo. Mimi hukubali usumbufu huo. Lifunge kwa mkanda lisirushwe mbele ukipiga breki. Kwenye Fit ya haibridi betri imekaa hapo chini, kwa hiyo spea italala juu ya buti na sehemu ya mizigo itapungua. Mteja wangu mmoja wa Mtwapa aliweka tairi jembamba ndani ya mfuko wa gunia, akalisimamisha nyuma ya kiti na kulifunga. Limemtoa barabarani mara mbili.

Hatua ya 6: Kama una chupa tu

Kwanza tazama tarehe. Maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini mwaka na mwezi utavisoma. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo gari uliloletewa huenda lina umri wa miaka sita au saba, na chupa iliyotoka nalo kiwandani ilikusudiwa kudumu miaka michache. Gundi iliyopita muda huganda ndani ya chupa kama maziwa yaliyokatika, na siku hiyo haitatoka.

Chupa nzima hufanya kazi kwa tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi peke yake. Ubavu ukichanika, au ukiwa umeendesha tairi bila upepo hadi ubavu umejikunja, gundi haisaidii. Usiung'oe msumari. Washa injini, unganisha pampu kwenye tundu la kiberiti cha gari, fuata picha zilizo kwenye kifuniko. Upepo ukishindwa kupanda baada ya dakika kumi, acha. Ukipanda, ondoka mara moja usizidi 80, ili gundi isambae, simama baada ya kilomita tano hivi upime tena. Toyota wanasema ukikuta chini ya kPa 130, yaani PSI 19, tundu limeshinda gundi, usiendelee.

Kitu ambacho mimi ningebeba pamoja na hiyo pampu ni kamba za pancha na vyuma vyake viwili, cha kusugua tundu na cha kupitisha kamba, na koleo la kung'olea msumari. Ukifundishwa mara moja na fundi wako unaweza kuziba tairi bila hata kulifungua garini. Kwa tairi lisilo na tyubu ni msaada mkubwa, na fundi atalimalizia baadaye kwa kiraka cha ndani.

Na ranflati?

Naulizwa sana, hasa na wenye Mini na BMW ndogo. Tairi la ranflati lina ubavu mnene ulioimarishwa, hubeba gari hata upepo ukiisha. Bridgestone huliandika RFT, Michelin ZP, Goodyear ROF, Continental SSR. Kwa kawaida hukupa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80.

Sikushauri ulifunge kwenye Vitz au Demio. Gari lisilo na sensa ya upepo halitakuonya, na kwa kuwa ubavu haulali utaendesha tairi tupu bila kujua hadi life. Ni gumu, na kwenye mashimo yetu utalisikia mgongoni. Kulitoa kwenye rimu kunahitaji mashine, si vyuma vya mkono. Kutoka Mariakani hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Kilomita 80 zitakufikisha kwa fundi wa njiani, lakini fundi huyo pengine hana mashine wala tairi la saizi yako. Mwenye Mini aliyezoea ranflati nabaki kumshauri abebe kamba na pampu, kwa sababu msumari ukiwa usoni na akauwahi mapema, huenda asihitaji zile kilomita 80.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Usisimame kwenye daraja wala kona. Tembea pole pole kwa taa za dharura hata mita mia mbili hadi upate upana. Tairi lina thamani ndogo kuliko wewe. Abiria washuke upande wa mbali na magari. Weka pembetatu, hatua hamsini hivi nyuma. Handbreki juu, jiwe kwenye gurudumu la pembe ya mkabala na lenye pancha. Legeza nati gari likiwa chini, ndipo upige jeki pale penye alama mbili chini ya mlango. Kwenye mchanga tanguliza kipande cha ubao chini ya jeki. Mimi hukaa na kimoja cha mninga kwenye gari langu.

Kama spea ni ile nyembamba na pancha iko mbele, usiifunge mbele. T115/70D14 ina kimo cha milimita 517 hivi, pungufu ya sentimita sita na nusu kwa tairi la kawaida la magari haya. Magari haya huvutwa na magurudumu ya mbele, na tofauti hiyo huilazimisha difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kuzunguka bila kupumzika hadi ichemke. Toa zima la nyuma ulilete mbele, nyembamba liende nyuma. Ni kupiga jeki mara mbili, naam, na jua ni kali, lakini gia ya gari ni ghali kuliko jasho.

Kaza nati kwa kupishana, kwa mkono, kisha kwa spana gari likiwa chini. Ukifika kilomita 50 simama uzijaribu tena. Lile lenye pancha lipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, na kama ulitia gundi mwambie kabla hajalifungua, ili aisafishe rimu na sensa kwa maji kabla gundi haijakauka.